Wastani wa Meno

Nikicheka mbele ya wageni Dar es Salaam, hakosekani mtu wa kukisia kwamba nimekulia Arusha. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, kama ya wengi tuliokunywa maji yenye floraidi ya miteremko ya Mlima Meru utotoni, kabla gamba la nje la jino halijamaliza kujijenga. Kwa hiyo mpwa wangu, anayesomea afya ya jamii, aliponijia na zoezi la takwimu la kulinganisha meno ya watoto wa vijiji viwili, kimoja chenye floraidi nyingi majini na kingine chenye kidogo, nililipokea kana kwamba linanihusu.

Zoezi lilikuwa la kubuni, ila hali yenyewe tunaijua. Huku kwetu chemchemi moja yaweza kuwa salama, na nyingine ya jirani ikapita mbali kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4, maana pengine maji mengine hayakuwepo.

Kijana alitumia jaribio la t, lililobuniwa na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student", kwa kuwa kampuni haikutaka wafanyakazi wake watumie majina yao. Jaribio hilo huchukua pengo kati ya wastani mbili, likalipima dhidi ya mtawanyiko wa ndani ya makundi na idadi ya waliopimwa, kisha likauliza: kama kwa kweli hakuna tofauti, pengo kubwa kiasi hiki au zaidi lingejitokeza kwa bahati tu mara ngapi?

"Mjomba, uwezekano huo ni chini ya 0.05," akasema, uso umemchangamka.

Nami nilifurahi, kisha nikaanza kusitasita, bila kujua ni kwa nini. Nikamwomba anieleze meno yanavyopewa alama. Akasema kipo kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, cha 0 hadi 9. Jino hukaushwa kwanza. Alama ya 1 ni mistari myeupe, myembamba mno. Kwenye 5 vishimo vimeanza. Kwenye 9 sehemu kubwa ya gamba la nje imekwisha na jino limepoteza umbo. Je, hatua ya kutoka 0 kwenda 1 ni sawa na ya 8 kwenda 9? Ile ya kwanza huenda hata mama mzazi asiione. Tukizijumlisha alama hizo na kugawanya, tunapata wastani wa kitu gani hasa? Akanikumbusha ipo njia ya Mann na Whitney, ya mwaka 1947, inayoangalia mpangilio wa alama tu. Labda hiyo ni ya haki zaidi, sijaamua.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine. Watoto wanaochota kwenye chemchemi moja ni kama mashahidi waliosimuliwa kisa na mtu mmoja: wawe wengi vipi, ushahidi hauongezeki sana. Jaribio lake lilimhesabu kila mtoto kuwa shahidi wa kujitegemea. Halafu kuna magadi. Nyumba nyingi huyatia kwenye maharage na makande yaive upesi, nayo yana floraidi. Kijiji kikitofautiana na kingine kwa chungu, tutasema ni maji?

"Basi nisilitumie jaribio?"

Nilimwambia alitumie, ila siku akipima watoto halisi aulize pia juu ya magadi, na mahali mtoto alipoishi akiwa mdogo, kwa sababu jino hutunza habari za zamani, za miaka lilipokuwa likijengwa, na familia huhama. Na vijiji viwili, hata akipima watoto mia tano, vitabaki viwili. Akauliza vingapi vingetosha. Hilo hutegemea chemchemi zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo zoezi halikulitaja. Akafungua daftari kuandika swali la kumpelekea mwalimu wake.