Anasema wazi, lakini anasema kweli?

Huku kwetu Uvira kuna sifa moja ambayo mwanasiasa akishapewa, kura ziko karibu: "Huyu anasema wazi." Wamotari wanaisema, wamama wa ndagala wanaisema, wasikilizaji wanaopiga simu redioni wanaisema. Hawaulizi amefanya nini. Wanasema hafichi, anataja majina, haogopi. Kazi yangu, zaidi ya miaka kumi sasa, ni kushika mikro mbele ya watu kama hao.

Tusiwacheke wanaowapenda. Sababu iko. Wakubwa wamezoea kuongea nasi kwa Kifaransa cha mbali: hatua zinachukuliwa, tume imeundwa, hali inafuatiliwa. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa nne 2020, maji yalibomoa nyumba na kuua watu, na wengi walibaki bila paa wakiendelea kusikia maneno ya namna hiyo. Mtu aliye chini ya hema akisikia "hali inafuatiliwa", halafu akaja mwingine kumwambia kwa Kiswahili cha soko, "Wamewatupa," anamwona huyo kuwa ndugu. Hajamletea hata bati moja, lakini amekubali kwamba bati halipo.

Shida ni kwamba sisi wa redio tunasikia pia yale yanayosemwa mikro ikizimwa. Mbele ya uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, nilifuata mgombea mmoja kwenye mitingi. Jina lake naliacha. Aliwachana wakubwa wa Kinshasa bila huruma, watu wakapiga vigelegele. Tulipoingia garini alimpigia simu mmoja wa wakubwa hao hao, sauti imekuwa laini, kila neno "Ekselansi, Ekselansi". Aliyoyasema kwenye mitingi hayakuwa uongo. Barabara ni mbovu kweli, mishahara haifiki kweli. Uongo ulikuwa katika hasira yake. Ilikuwa kama shati la chama: unalivaa mitingini, unalivua nyumbani.

Hata machozi si ushahidi. Tarehe 24 mwezi wa nne 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja na akalia mbele ya watu. Siku 17 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 mwezi wa tano, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa ndani ya chuo kikuu cha Lubumbashi. Pengine siku ile ya N'Sele alilia kweli. Ndipo penye matata: mtu anaweza kulia kweli leo, na kesho akakataa kulipa bei ya machozi yake.

Kwa hiyo mimi nimeacha kuuliza kama mwanasiasa fulani ni mkweli. Ninauliza juu ya neno moja moja: neno hili linamgharimu nani?

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Patrice Lumumba alisema mateso ya ukoloni mbele ya mfalme Baudouin mwenyewe, si nyuma ya mgongo wake. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 aliuawa. Mwaka 1980, wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia Mobutu barua ya wazi juu ya utawala wake, na wakateswa kwa ajili ya barua hiyo. Mwezi wa kwanza 2009, Vital Kamerhe, akiwa mkuu wa Bunge la taifa, alisema kwenye Radio Okapi kwamba hakujulishwa juu ya kuingia kwa jeshi la Rwanda hapa Kivu. Mwezi wa tatu kiti kilikuwa kimemtoka. Maneno hayo yaliwagharimu wenyewe waliyoyasema.

Lakini Kamerhe huyo huyo, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2018 kule Genève, alitia sahihi pamoja na Félix Tshisekedi kumuunga mkono Martin Fayulu. Kesho yake wote wawili waliondoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Ukweli haukai mwilini mwa mtu kama rangi ya ngozi. Mtu anaulipia leo, na kesho anaulizwa tena kama ataulipia.

Kuna pia neno la wazi ambalo bei yake inalipwa na wengine kabisa. Mwezi wa nane 1998, vita vilipoanza, Abdoulaye Yerodia Ndombasi, mtu wa karibu wa rais Laurent-Désiré Kabila, aliongea hadharani bila kuzunguka juu ya Watutsi. Siku zile Kinshasa, watu waliwindwa na kuuawa. Mwaka 2000 Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata, ikimshtaki kwa uchochezi wa chuki. Mwaka 2002 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilisema hati hiyo ilivunja kinga yake ya waziri wa mambo ya nje. Yeye aliendelea na maisha yake. Waliolipa ni wengine.

Uvira tunajua hesabu hiyo. Mtu akisema wazi "wale si wenzetu", yeye analala kwake na walinzi. Anayelipa ni kijana anayesimamishwa kwenye bariere kwa sababu ya pua yake. Siku moja maneno ya namna hiyo yaliingia katika mikro yangu, na tuliyakata kabla ya kurusha habari. Jioni mzee mmoja ninayemheshimu alinipigia simu:

— Mwanangu, mbona mnakata maneno ya mtu mkweli?

— Mzee wangu, hakutaja mtu na kosa lake. Alitaja kabila.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini alisema wazi." Hapo nilielewa kwamba kwetu wazi na kweli yamekuwa neno moja.

Nimemwona pia mwingine, shefu mmoja wa kartie, kwenye mkutano wa wakaaji juu ya takataka. Alisimama akasema, "Pesa ya usafi tuliikusanya, kazi hatukuifanya. Kosa ni letu, na mimi ni wa kwanza." Ni neno la wazi kuliko yote niliyowahi kurekodi. Halikumtaja adui yeyote, na mtu angeweza kwenda kulikagua kwenye daftari. Watu walimzomea mpaka akaketi. Tangu siku hiyo sijasikia shefu mwingine akisema hivyo.

Hapo na sisi wasikilizaji tuna sehemu yetu. Anayetangaza makosa ya wengine tunambeba mabegani. Anayetangaza la kwake tunamzomea. Wanasiasa wanatusikiliza vizuri kuliko tunavyodhani, na wanajifunza haraka ni wazi gani inayouzika. Mitingi zitarudi, na vigelegele ni vyenu. Kabla ya kuvipiga, ngojeni kidogo muone nani atalipa.