Ijumaa zangu: nachora pwani ya West Bay

Mimi huku Doha mzima, joto tu ndilo linalotutia adabu. Wengi mnaniuliza kwenye simu: Ijumaa huendi kazini, unashinda unafanya nini? Haya, leo nawajibu.

Nachora pwani.

Kuna mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita, Falcon 4.0, uliotoka mwaka 1998. Ni mzee sasa, lakini wapenzi wake wameurekebisha kwa kujitolea mpaka ikazaliwa Falcon BMS. Vita vyake vya asili viko Korea. Sisi watu wanne tunatengeneza ramani ya Ghuba, na kwa kuwa kazi yangu ya viyoyozi iko West Bay, nikapewa ufukwe wa Doha.

Mtasema pwani si mstari tu? Hapana jamani! Vipimo vya urefu wa ardhi tunavyotumia ni vya bure, vilichukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000. West Bay yenyewe imo, maana bahari ilifukiwa zamani. Hoteli ya Sheraton, ile yenye umbo la piramidi, ilifunguliwa 1982. Lakini kisiwa cha Pearl, jirani zetu wa kaskazini, kilianza kujengwa 2004. Uwanja wa ndege wa Hamad, ambao sehemu yake kubwa iko juu ya bahari iliyofukiwa, ulifunguliwa 2014. Kwenye vipimo vyetu kote huko ni maji matupu!

Basi nachukua picha za setilaiti za karibuni, nafuata ukingo nukta kwa nukta. Barabara ya Corniche peke yake, kama kilomita 7 za kujipinda, imenila Ijumaa mbili. Jioni natembea kuhakiki: hapa ukuta wa mawe, pale mchanga. Kwenye rada ya ndege bahari tulivu huwa nyeusi na nchi kavu hung'aa, kwa hiyo rubani hujua alipo kwa umbo la pwani. Ukikosea, unampoteza.

Sasa lililoniumiza kichwa. Mnakumbuka 2025: tarehe 23 Juni Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid, na 9 Septemba Israel ikashambulia humu humu Doha. Mlinipigia mpaka betri ikaisha, Mama akilia. Juzi mwenzangu mmoja akataka minara ya West Bay iwekwe kwenye orodha ya shabaha, eti mchezo unoge. Nikamwambia humo nimo mimi na nyundo yangu, wamo walinzi, wapishi na wafagiaji ninaowajua kwa majina. Majengo yaonekane, yamwongoze rubani, lakini yasiwe ya kupigwa. Mkikataa, tafuteni mchoraji mwingine. Amenuna, ila orodha imebaki bila West Bay.

Nikimaliza nataka kuchora pwani ya Tanga, bila ndege ya vita hata moja. Rada ile ilisoma vilele vya miti, kwa hiyo mikoko yetu imegeuka vilima! Nitumieni picha za Raskazone, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa.

Nisalimieni wote. Tutaonana panapo majaliwa.