Kijiji cha Nemi na Merikebu za Kaisari

Msafiri atokaye mji wa Roma akaelekea kusini-mashariki kiasi cha maili 20 hufika katika nchi ya vilima ambavyo zamani vilikuwa volkano. Katika kinywa cha kilima kimojawapo, ambacho moto wake ulikwisha kuzimika, limo ziwa dogo la mviringo, na juu ya ukingo wake kimekaa kijiji cha Nemi. Mzunguko wa ziwa hilo haufiki maili 4. Ajabu ni kwamba katika maji hayo machache palikuwapo merikebu mbili, kila moja ikiwa na urefu wa futi 225 na zaidi, wala haikuwapo bandari yo yote ya kuziendea.

Zilijengwa kwa amri ya Kaisari Kaligula, aliyetawala tangu mwaka 37 hata mwaka 41 baada ya Kristo. Jina lake lilikutwa katika mabomba ya risasi yaliyokuwamo. Zilikuwa kama majumba ya kifalme yaeleayo, yenye sakafu za marumaru na mapambo ya shaba. Karibu na ufuko lilikuwapo hekalu la Diana, mungu wa kike wa mwitu na uwindaji, na magofu yake yangali yaonekana. Waandishi wa kale wasimulia kwamba kuhani wa hapo alikuwa mtumwa mtoro aliyepata cheo kwa kumwua aliyemtangulia. Yadhaniwa hakulala usingizi mzuri.

Merikebu zilipozama, wavuvi hawakuzisahau. Mwaka 1446 mtaalamu Leon Battista Alberti alijaribu kuivuta moja kwa kamba na kulabu, akaambulia vipande tu. Wengine walizamia mwaka 1535, na wengine tena mwaka 1895, na kila aliyezigusa alizidi kuzijeruhi. Mwishowe ikaonekana kuwa ni afadhali kuliondoa ziwa kuliko kuziondoa merikebu.

Hapo ndipo kazi ya watu wa kale ilipofaa. Karne nyingi kabla ya Kristo walikuwa wametoboa mlima kwa patasi na nyundo, mfereji wa chini ya ardhi wa yapata maili moja, ili maji ya ziwa yasipande kupita kiasi. Vikundi viwili vilichimba, kila kimoja kutoka upande wake, vikakutana ndani ya mwamba. Mwaka 1928 pampu zikaanza kusukuma maji katika mfereji huo huo. Merikebu ya kwanza ikaonekana mwaka 1929, na kufikia mwaka 1932 maji yalikuwa yameshuka kiasi cha futi 65.

Mafundi waliozitazama walistaajabu. Mbao zilikuwa nzima, zimefunikwa kwa mabamba ya risasi. Ilikutwa nanga ya chuma yenye umbo lililodhaniwa kuwa limebuniwa juzi juzi tu, na kipande cha jukwaa kilichozunguka juu ya gololi za shaba. Zikajengewa nyumba ya makumbusho ufukoni, yenye kumbi mbili kubwa mno.

Maji yalikuwa yamezihifadhi karibu miaka 1,900. Hewa kavu ilizihifadhi miaka kumi na kitu. Usiku wa tarehe 31 Mei 1944, majeshi yalipokuwa yakipigana vilimani, moto ukaingia katika jumba hilo, na kulipokucha palikuwa na majivu. Tume ya Italia iliwalaumu askari wa Kijerumani; wengine husema ni mizinga ya Wamarekani. Ubishi huo haujaisha.

Mgeni aingiaye leo katika kumbi zile huona mifano miwili ya mbao, sehemu moja ya tano ya ukubwa wa asili, na nafasi tupu iliyoizunguka humweleza mengi kuliko maandishi ya ukutani.

Nje, wenyeji wana shughuli zao. Udongo wa volkano na joto la bondeni hustawisha stroberi ndogo zenye harufu nzuri, na kila mwaka mwezi wa Juni hufanywa sikukuu yake, wasichana wakiwa wamevaa sketi nyekundu na kuwagawia wageni matunda.

Kipande kimoja cha sakafu ya merikebu kiliokoka kwa njia ya ajabu: kilivuka bahari, kikawa meza ya kahawa katika nyumba moja ya New York kwa miaka mingi. Mwaka 2017 kilirudishwa Italia, na tangu mwaka 2021 kimewekwa Nemi, hatua chache kutoka ziwani.