Kiti cha Kushoto

Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na mwendo huo ndio ulionisomeshea watoto. Nimeendesha watalii kutoka lango la Ikoma hadi Seronera na kurudi, nikizima injini kila mtu aliponong'ona "simba", nikingoja kamera zishibe. Kabla ya hapo nilikuwa fundi hapa Mugumu, gereji ya chini ya mti, Land Rover na Isuzu na matrekta ya wakulima wa pamba. Kwa hiyo nilipojiingiza kwenye mbio za magari nikiwa na miaka 43, mtaani walisema mzee kachanganyikiwa.

Umri haukunisumbua kihivyo. Kilichonisumbua ni pesa, na sijui kwa nini watu wanaozungumzia mchezo huu huona haya kulisema hilo. Gari la mbio, hata Subaru kuukuu iliyokwishapita mikono mingi, linataka fremu ya chuma ndani ya bodi, viti vyake, mikanda ya pointi sita, mtungi wa kuzimia moto, na matairi ambayo changarawe inayatafuna kama mbuzi aliyefunguliwa shambani. Mwenye mshahara wa dereva wa watalii haingii huko kwa kupitia usukani. Anaingia na spana mkononi.

Mimi niliingia kwa springi. Masika moja mfanyabiashara kijana wa Arusha alikatikiwa springi ya nyuma njia ya Nata, gari limelala ubavu, mbuga imelegea pande zote. Nilimnyanyulia kwa jeki mbili, nikapachika kipande cha mti mgumu, nikakifunga kwa mpira wa tyubu. Akafika nacho Mwanza. Wiki ile ile akapiga simu. "Shikamoo mzee. Lile gogo lako bado liko kwenye gari. Njoo ufunge magari yetu ya mashindano."

Kituo cha mafundi kwenye mashindano si gereji. Gari linaingia limejaa tope jekundu, diski za breki zina joto la kuunguza ngozi, na saa inahesabu: una dakika 30, wakati mwingine pungufu. Mmoja yuko chini anakaza boliti za sampu, mwingine anachomoa shokapu, wa tatu anatoa hewa kwenye breki, na hakuna anayeuliza swali mara mbili. Gari likichelewa kuripoti kituo cha muda, dereva anaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Likiwahi ni balaa zaidi: anaongezewa dakika nzima kwa kila dakika aliyowahi. Kwetu anayewahi husifiwa, lakini niliipenda sheria hiyo siku ile ile niliyoisikia.

Msoma ramani wa yule kijana alipohamia nje ya nchi, kiti cha kushoto kikabaki wazi. Kijana akaniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Nilimwonyesha daftari langu la safari, lililoandikwa ndani ya gari linalotikisika, kila barabara na kila korongo. Akasema, "Basi mzee, twende."

Niliyokuwa sijayajua ni haya. Kabla ya mashindano mnapita njia kwa gari la kawaida, taratibu. Dereva anatamka, wewe unaandika. Kona hupewa namba, kwetu 1 ndiyo kali kuliko zote na 6 karibu imenyooka. Kwenye daftari unaandika kwa mkato, mdomoni inatoka hivi: "Kulia 4, mita 80, kilele, shikilia katikati, kushoto 2 inafunga, usikate, jiwe." Siku ya mashindano unasoma kona ambayo gari halijaifikia. Ukiitaja mapema, dereva anaisahau. Ukichelewa, mko mtaroni. Sauti haitakiwi kupanda hata gari likiruka, maana yeye anasikiliza sauti kuliko maneno. Na macho hayatoki kwenye karatasi. Unajua mko wapi kwa makalio: tuta limepita, mchanga umeanza, sasa geuza ukurasa.

Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutazama nje, hilo lilikuwa gumu kuliko mwendo wenyewe. Tumbo nalo lilinigomea. Kusoma ndani ya gari linaloyumba kunapandisha kichefuchefu, na nilitafuna tangawizi mbichi mpaka mwili ukakubali.

Lakini macho yale ya porini hayakupotea bure. Kwenye ukaguzi wa njia niliona vitu ambavyo kijana wa mjini havioni. Udongo mweusi unaong'aa asubuhi utateleza mpaka saa sita. Nyasi za kijani peke yake katikati ya zilizokauka, chini kuna maji. Njia ya ng'ombe ikikata barabara mahali penye kivuli, ng'ombe watakuwepo. Nikawa naandika hayo pembeni kwa penseli. Mwanzoni dereva alicheka. Baadaye akawa anauliza mwenyewe: "Mzee, hapa penseli inasemaje?"

Kofia ngumu ilinigharimu kuliko nilivyotaka ijulikane nyumbani, kwa kuwa lazima iwe na lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari. Mke wangu aliishika, akaipima uzito. "Baba watoto, zile pesa za bati ndizo umeamua kuzivaa kichwani?" Bati tulipiga mwaka uliofuata.

Wapo wanaoniambia huu ni mchezo wa Wazungu wa kwenye televisheni. Lakini mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, njia yake ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, akisomewa na Chris Rothwell. Joginder Singh wa Kenya, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Huyo ndiye ninayemtaja gerejini, kwa sababu zilizo wazi.

Mwaka 2022 nilivuka mpaka wa Sirari kwenda Naivasha, Kenya, kujionea Safari Rally. Vumbi lilikuwa jeupe, laini, linaingia mpaka kwenye meno. Maxine Wahome alichukua ushindi wa WRC3, daraja mojawapo la ubingwa wa dunia, kwa Ford Fiesta, akisomewa na Murage Waigwa, na wenyeji walishangilia mpaka sauti zikakauka. Mshindi wa jumla, Kalle Rovanperä, alikuwa na miaka 21. Mimi nilimtazama zaidi msoma ramani wake, Jonne Halttunen, anayemzidi kwa zaidi ya miaka 10. Usukani unapenda vijana. Kiti cha kushoto hakiulizi sana tarehe ya kuzaliwa.

Usukani nimeushika pia, mara chache, kwenye daraja la magari madogo, kwa Toyota niliyoifunga mwenyewe. Nilimaliza, nyuma ya wengi. Sina la kuongeza hapo.

Siku hizi nasubiri simu ya Arusha, na katikati nafungua magari pale pale chini ya mti. Juzi kijana wa bodaboda alikuja na pancha, akakaa akiitazama kofia yangu iliyoning'inia. "Mzee, na mimi nataka mbio. Nianzie wapi?" Nikamuuliza kama anaweza kusoma ndani ya gari bila kutapika. Akacheka, akasema hilo nalo ni swali? Nikampa daftari la zamani, nikamkalisha kushoto kwenye Hilux, nikamwambia anisomee kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kona ziwe za kweli zisiwe za kweli. Tukashika njia ya Nata. Hatujafika mbali akaniomba nisimamishe gari.