Mhubiri Mgeni na Andalio la Somo

Nimerudi juzi kutoka nyumbani Litembo, kule juu Mbinga kwenye baridi yetu, na nimekuta watu wanajadili jambo moja tu: nani aje kuhubiri kwenye ibada ya kuwaaga wanaomaliza mwaka wa tatu. Ibada ni ya madhehebu yote, kwa hiyo kila kundi lina mtu wake. Majina yanatajwa kama ya wachezaji wakati wa usajili. Huyu ana sauti, yule anajaza uwanja, mwingine bila tiketi ya ndege haji. Sijasikia hata mmoja akiuliza watakaokaa kwenye viti siku hiyo ni akina nani. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwa wasiopajua, Litembo ni misheni ya Wabenediktini ya zamani huko Umatengoni, katikati ya kahawa na ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isisombe udongo. Tuna hospitali ya Jimbo Katoliki la Mbinga, na wagonjwa wanapanda kutoka mbali, wengine huko mwambao wa Ziwa Nyasa. Ndiyo maana Jumapili kanisani hukosi watu ambao si wa pale: wamekuja kuuguza, wamejifunika vitenge viwili viwili maana baridi hawajaizoea.

Jumapili moja ya likizo hii alikuja padre mgeni. Kabla ya misa alikaa nje na watu kama dakika ishirini. Nilimsikia akimsalimia bibi mmoja.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina, Baba."

"Unauguza nani?"

"Mjukuu, Baba. Wiki ya tatu hii."

"Usiku unalala wapi?"

Bibi akacheka kidogo tu. "Kulala kupo, Baba? Nakaa."

Basi, ilipofika zamu ya mahubiri, padre alizungumzia watu wanaokaa macho usiku kando ya kitanda cha mtu. Hakuahidi kwamba kila mgonjwa atapona. Alisema kukaa pale nako ni sala, hata kama mtu amechoka kiasi kwamba maneno hayatoki. Dakika kumi, kamaliza. Yule bibi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na hakuwa peke yake.

Mnajua sisi Wakatoliki padre mgeni hachagui masomo ya Jumapili. Yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, mwaka A, B na C, yanayosomwa Litembo ndiyo hayohayo yanayosomwa Peramiho na Dar. Na kwa sheria ya Kanisa ya 1983, mahubiri ndani ya misa ni kazi ya padre au shemasi. Mseminari, hata awe na kipaji cha ajabu, anakaa anasikiliza. Kwa hiyo yule padre alikuja na maandiko yaleyale ya wote. Alichoongeza ni zile dakika ishirini za pale nje.

Sisi wa ualimu hili tunalijua sana. Andalio la somo linaanza na nini? Kabla ya mada, kabla ya malengo, kuna kile kijedwali cha juu: tarehe, darasa, kipindi, muda, idadi ya wanafunzi. Wengi wetu tunakijaza harakaharaka ili tufike kwenye mada. Ukienda mazoezi ya kufundisha ndiyo unagundua kijedwali kile kinakuuliza swali kubwa: una nani mbele yako? Wahubiri wengi wageni wanakuja na mada nzuri, malengo mazuri, ila kijedwali kitupu.

Wenzetu Wabaptisti wana utaratibu wao, na una mambo ya kujifunza. Wamisionari wao kutoka Marekani walifika Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1962 wakawa wameanzisha seminari Arusha. Kwao mwanafunzi wa seminari anahubiri, wenzake na walimu wanasikiliza, halafu wanamwambia palipopwaya, kama sisi tunavyofundishana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kwenda fildi. Mgeni akija kwenye ibada ya chuo anachagua andiko mwenyewe. Uhuru ni mkubwa, na hatari yake iko hapohapo: anaweza kuja na hubiri alilolitoa mikoa mitano iliyopita bila kubadilisha nukta.

Wabaptisti hao wana kisa kimoja kinachonigusa kila nikikumbuka. Seminari ya kwanza ya kanisa lililowatuma ilifunguliwa mwaka 1859 Greenville, South Carolina. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaifunga. Ilipofunguliwa tena 1865, darasa la kuhubiri la mwalimu John Broadus lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu, naye haoni. Broadus angeweza kulipua. Badala yake aliandaa mihadhara yake kwa uangalifu kwa ajili ya huyo mmoja, na kazi hiyo ikawa kitabu kilichochapishwa mwaka 1870, ambacho wahubiri wengi wamekisoma tangu hapo. Idadi ya wanafunzi: mmoja. Haoni. Alijaza kijedwali.

Lakini tusimpambe. Mwaka 2018 seminari hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba waanzilishi wake wanne, Broadus akiwemo, walimiliki watumwa, kwa jumla zaidi ya hamsini. Mtu aliyemwona vizuri kijana mmoja asiyeona alishindwa kuwaona watu waliokuwa wakimtumikia nyumbani. Yaani unaweza kuwa mwalimu wa wahubiri na bado kuna watu huwahesabu.

Sasa turudi hapa kwetu. Ibada ya kuaga ya mwaka jana mgeni alihubiri kwamba mtoto wa Mungu hafeli, na anayefeli ajichunguze imani yake. Watu walishangilia ile mbaya. Kiti cha pembeni yangu alikaa rafiki ambaye matokeo yalikuwa yametoka siku nne kabla: disko. Miaka miwili na nusu imekwenda, bumu limekatika, na nyumbani alikuwa hajawaambia. Hakushangilia, wala hakutoka. Alikaa akiangalia viatu vyake hadi baraka. Tangu siku hiyo hajaingia ibada yoyote, na mimi simlaumu.

Mgeni yule hakuwa na nia mbaya. Nani alimwambia kwamba matokeo yametoka? Sisi tulimtumia nauli, ratiba na kipaza sauti kizuri, basi.

Najua wapo watakaosema uzuri wa mgeni ni kutotujua. Ni kweli kiasi. Mchungaji wa hapa akigusa jambo, watu wanageuka kutafuta analengwa nani. Mgeni akisema, kila mtu anapokea lake bila fitina. Ila kutowajua watu kwa majina si sawa na kutojua wana hali gani. Yule padre hakumtaja mjukuu wa mtu.

Kamati inakaa Jumatano. Pendekezo langu ni dogo na halina gharama. Yeyote mtakayemchagua, apelekewe barua ya nusu ukurasa: ibada ni siku gani, watu ni wangapi, matokeo yametoka lini, wapo wenye sapu, wapo wenye disko, wapo wanaorudi nyumbani wasijue ajira itapatikana lini. Na aje saa moja kabla, akae nao nje. Mgeni atakayesema hana nafasi ya hiyo saa moja, tumshukuru na tutafute mwingine.

Barua niko tayari kuiandika mimi.