Samaki Ana Uso

Bibi yangu hakujua kusoma, ila samaki alimsoma. Alfajiri tulitoka Gerezani kwa miguu, mimi nimejitwika kikapu cha ukili, tukashuka hadi Feri wakati mashua zinapakua. Miaka ile soko halikuwa na sakafu. Lilikuwa mchanga mtupu, mabanda, moshi wa kuni na inzi, na pantoni la Kigamboni likinguruma pembeni. Bibi hakuanza na bei. Alimwinua changu shavu, akaangalia kama matamvua bado ni mekundu, akamtazama jicho, kisha akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba na kusubiri nyama irudi. Isiporudi, alimlaza samaki mahali pake akasonga mbele bila neno.

"Samaki ana uso, mjukuu wangu," aliniambia. "Habari zake zote ziko usoni."

Samaki aliyevuliwa kwa baruti alimjua kwa mkono tu. Ukimwinua analegea kama kitambaa, uti umevunjika, damu imevilia ndani. Huyo hakumchukua hata bure, si kwa sababu ya sheria, maana sijui kama aliwahi kuisikia, bali kwa sababu alisema nyama yake haishiki nazi.

Tukitoka Feri, siku za sikukuu, tulipitia Kisutu kwenye kuku. Huko nako alikuwa na mitihani yake: alipuliza manyoya ya nyuma kutafuta mharo mweupe, akapapasa kidari, akamwachia kuku atembee hatua mbili tatu ili aone kama ana kideri. Nisijifanye, lakini. Kuku huyo aliyepimwa kwa heshima kiasi hicho alifungwa miguu kwa kamba ya mkonge na kurudi nyumbani kichwa chini mkononi mwangu, macho yametoka, bawa moja likiburuza lami. Wengine walitoka Kibaha na Kisarawe wakining'inia kwenye usukani wa baiskeli tangu usiku. Hakuna aliyeona tatizo. Nikisikia wenzangu wa rika langu wakisema zamani tulikuwa na huruma na mifugo, hunyamaza.

Mwaka 1996 nikapata ajira ya ukarani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale Kivukoni, iliyotazama bahari. Kazi yangu ilikuwa kufungua jalada, kulipa namba, kulipeleka kwa ofisa, kulirudisha kwenye kabati. Mchana nilivuka barabara kwenda Feri kula vibua vya kukaanga kwa mama mmoja mwenye kikaango kikubwa kuliko meza yangu. Kwa hiyo miaka yangu yote ya kazi niliishi kati ya vitu viwili: juu karatasi za samaki, chini samaki wenyewe. Ilinichukua muda mrefu mno kugundua kwamba vilikuwa vinazungumzana.

Karatasi zilianza kunenepa baada ya kipindupindu. Mvua za El Niño zilikuwa zimetupiga, ugonjwa umetapakaa, na mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. FAO na Shirika la Afya Duniani yalisema hatari ya kipindupindu kusafiri kupitia biashara ya samaki ni ndogo. Mlango ulifunguliwa mwaka uleule. Mwaka 1999 ukafungwa tena kwa sangara wa Ziwa Victoria, safari hii kwa sababu nzito zaidi: kulikuwa na wavuvi waliomwaga sumu ya wadudu majini ili kuvua haraka. Hapo Ulaya hawakutuonea, nasema wazi. Mtu anayevua kwa sumu anastahili kufungiwa mlango, na kama si wao kuufunga sijui nani angeufunga.

Kilichofuata kilikuwa mbio. Wakaguzi, vyeti, viwanda kuwekewa vigae na barafu, mialo kuezekwa, sampuli kupelekwa maabara. Mwaka huo nilipelekwa Mwanza na maofisa wawili, kazi yangu kubeba makabrasha. Kiwandani tulivalishwa makoti meupe na mabuti, tukakanyaga dawa mlangoni kama waganga. Ndani palikuwa pasafi kuliko hospitali niliyozaliwa. Sangara waliingia wazima upande mmoja, upande wa pili ikatoka minofu, myeupe, imepangwa kwenye maboksi. Mabondo, vile vibofu vya hewa, yaliwekwa kando, yana wateja wake Asia.

Nikamuuliza kijana mmoja, vichwa vinakwenda wapi? Akanionyesha lango la nyuma. Huko lori lilikuwa linapakia mapanki: kichwa, uti, mkia, na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu. Yalikwenda kukaangwa na kuuzwa kwa watu wa pale. Lori halikuwa na barafu, wala makoti meupe hayakufika kwenye lango lile.

Nilimkumbuka bibi, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Uso ulikuwa umebaki kwetu, sawa, lakini hauna mwili. Na mwili uliondoka na cheti. Ukitaka kuelewa kwa muda mfupi jinsi biashara ya dunia inavyogawa usalama wa chakula, simama kati ya malango yale mawili. Baadaye, mwaka 2004, mzungu mmoja, Hubert Sauper, alitengeneza filamu juu ya sangara na mapanki, ikazua kelele hadi Rais Kikwete akaikemea hadharani. Mimi filamu ilinikera kwa mengi, ila si kwa lango la nyuma. Lango nililiona.

Mwaka 2000 mlango wa Ulaya ulikuwa wazi tena. Mwaka uliofuata wakatupa zawadi, sisi nchi maskini zaidi: mpango wa kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru wala kikomo. Ofisini tulishangilia. Ofisa mmoja mzee, mtu wa Upare, mkavu wa maneno, akanirudishia jalada akasema, "Kijana, ushuru ni kizingiti, unaweza kukiruka. Viwango ni mlango wenyewe." Nilidhani analalamika tu kama kawaida yake. Lakini ndivyo ilivyo hadi leo. Samaki, asali, pweza, vyote ushuru ni sifuri, na vyote bila kuwa kwenye orodha ya viwanda vilivyokubaliwa na bila mamlaka inayotambuliwa haviingii. Pweza wa Mafia anayekwenda Ulaya hupimwa uzito, hupimwa joto, huandikiwa alikotoka. Anayebaki hupigwa kwa mti mpaka alainike.

Feri nayo ikapata sakafu. Soko jipya lilijengwa kwa msaada wa Japani likafunguliwa 2002, na zoni zake: ya mnada, ya wakaangaji, ya waparuaji, ya dagaa. Nilifurahi kwa dhati. Mama wa kikaango alipata jiko la kueleweka, na inzi wakapungua, ingawa hawakuhama.

Wakati huohuo jalada kubwa kuliko yote lilikuwa linaota mbawa. Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenyewe wakiuita EPA. Ulianza kama jalada moja, ukawa juzuu ya pili, ya tano. Mwaka 2007 ukawekewa herufi za awali Kampala, mwaka 2014 mazungumzo yakafungwa. Nchi zetu zingeondoa ushuru kwa asilimia 82.6 ya bidhaa za Ulaya, hatua kwa hatua kwa miaka 25. Bidhaa nyingi za kilimo zingewekwa kando. Mimi niliyajua haya kwa sababu yaliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila dokezo. Kurasa zilizobaki nilizipa namba.

Mzee Mkapa, akiwa ameshastaafu urais, aliandika kuupinga. Watu walitoa mfano wa Ghana, ambako mapaja ya kuku yaliyogandishwa kutoka ng'ambo yaliwaweka wafugaji pabaya. Bunge lao lilipandisha ushuru mwaka 2003 na kisha utekelezaji ukasitishwa. Kenya na Rwanda zikasaini tarehe 1 Septemba 2016. Kenya ilikuwa na sababu yake: yenyewe si nchi maskini zaidi kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru. Sisi tulikuwa na mlango mwingine. Novemba mwaka huo Bunge letu likaazimia serikali isisaini. Pale Feri mchana ule kila mtu alikuwa mchumi. Mama wa kikaango aliniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiyo unakaa nayo hiyo mikataba? Inasemaje kuhusu samaki?" Nikajibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. Aibu ya jibu lile bado ninayo. Nilikuwa nimelibeba jalada hilo mikononi kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata likanifuata nyumbani, si la Ulaya, la jirani. Mke wangu alikuwa anafuga kuku wa kisasa nyuma ya nyumba, mia mbili hivi, kama nusu ya watumishi wa serikali wa jiji hili. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto. Sababu iliyotolewa ilikuwa homa ya mafua ya ndege. Uingizaji wa kuku na vifaranga ulikuwa umezuiwa tangu 2006. Kenya ikalalamika. Hapa nchini wapo waliosema sheria ni sheria, na wapo walioshika vichwa.

Binti yangu, darasa la tano, aliona picha kwenye simu. "Baba, vilikuwa vinaumwa?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya majalada. Tulikuwa na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010, yote yakiahidi bidhaa zipite. Tulikuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayotaka mnyama asiteswe bila sababu. Karatasi zote hizo zilipita mezani kwangu, na hakuna hata moja iliyomfikia kifaranga. Kuzuia ugonjwa ni haki ya nchi, siipingi. Ila mkataba unaojua ushuru wa kifaranga na haujui namna ya kumuua bila kumchoma una kasoro, na kasoro hiyo ni yetu wenyewe. Hakuna mzungu wa kumsingizia.

Kisha mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu. Malori yakasimama mpakani, magazeti yakawaka, siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, na Mei Rais Samia alipokwenda Nairobi biashara ilikuwa juu ya meza. Vema. Lakini sumukuvu ileile mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yao wenyewe kutoka ghalani kwao. Sikumbuki mahindi ya soko lolote yakipimwa kwa ajili yao mwaka ule. Mahindi yanapovuka mpaka yanakuwa na thamani ya kupimwa.

Siku hizi Kivukoni si ileile. Ofisi yetu ilihamia Dodoma, mafaili yakapakiwa kwenye malori. Juzuu za EPA peke yake zilijaza maboksi manne. Kenya ilisaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024, na mlango umeachwa wazi kwa wanajumuiya wengine. Kisutu ni jengo la ghorofa. Soko kuu la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Binti yangu, mkubwa sasa, huagiza minofu kwa simu. Inaletwa na bodaboda, imefungwa kwa nailoni, ina lebo, tarehe na joto la kuhifadhia. Yeye husoma tarehe. Mimi huigeuza huku na huku nikitafuta uso.

Siibezi lebo. Bibi yangu alijua matamvua, hakujua sumukuvu. Hakuna kidole gumba kinachoweza kuibonyeza. Kinachoniuma ni kwamba tulikiacha kidole kabla lebo haijatufikia wote.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Feri kwa daladala, kwa mazoea tu. Kijana mwenye meza safi, barafu nyingi, alinipokea vizuri: "Shikamoo mzee, karibu, huyu katoka baharini sasa hivi." Nikamwinua changu shavu. Akacheka. "Mzee unatafuta nini humo?" Nikamwita asogee, nikamwonyesha matamvua, kisha nikabonyeza mgongo, tukasubiri pamoja.

Alikuwa wa juzi.