Mlio wa Cheni na Hukumu ya Haraka



Marehemu mdogo wangu hakuacha mali nyingi hapa Leicester. Alichokienzi zaidi ni pikipiki kuukuu, Honda CB750 ya mwaka 1975, yenye silinda nne zilizopangwa safu moja. Sasa ni ya mwanawe, kijana wa miaka 22.

Mwezi uliopita kijana alinijia kwa huzuni. Injini ilikuwa ikilia kama kokoto ndani ya kopo. Fundi aliyemwendea alisikiliza kwa dakika moja tu, akatoa hukumu: cheni ya taimingi imekwisha, injini ifunguliwe yote. Gharama aliyotajiwa ilipita thamani ya chombo chenyewe. “Ami,” aliniambia, “sina budi kuiuza vipande vipande.”

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, si fundi. Hata hivyo nilimwomba anipe siku mbili.

Cheni hiyo hutoka kwenye krankshafti chini hadi kwenye kamshafti juu, katikati ya silinda ya pili na ya tatu. Ndiyo inayoziamuru vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake: krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Ikilegea, hugonga. Ikilegea mno yaweza kuruka meno, vali zikagongana na pistoni, na hapo injini huwa imekwisha kweli. Kwa hiyo hofu ya fundi haikuwa upuuzi. Kosa lake ni kuhukumu kabla ya kupima.

Tulianza na yaliyo mepesi. Oili ilitosha. Injini ikiwa baridi, tulipima nafasi za vali: milimita 0.05 kwa zile za kuingizia na 0.08 kwa za kutolea moshi. Zote zilikuwa sawa. Kisha, baada ya kuiweka krankshafti pale kitabu kinapoelekeza, tulilegeza nati na bolti ya kikazio cha cheni nyuma ya silinda, ili springi iondoe ulegevu, tukakaza tena. Tukawasha injini nje uani. Mlio ulikuwa ule ule.

Nikachukua bisibisi ndefu, nikagusisha ncha yake kwenye injini na mpini sikioni, mbali na kila kinachozunguka. Juu, penye kamshafti, nilisikia mchakarisho mwembamba wa kawaida. Nilipofika kwenye kifuniko cha klachi, upande wa kulia, kelele ilinijaa sikio.

“Bana klachi,” nilimwambia. Akabana, kelele ikakatika. Akaachia, ikarudi. Tulifanya hivyo mara tatu, naye akaanza kucheka.

Kama cheni ya taimingi ndiyo mkosa, klachi isingeweza kuinyamazisha. Kabureta nne zilikuwa hazivuti sawasawa: silinda moja ikisukuma kwa nguvu, nyingine kwa unyonge. Injini ilipotulia bila kuongezewa mafuta, mzunguko ukawa wa kushtukashtuka, ukaitikisa klachi pamoja na cheni mbili zinazoiendesha. Tuliazima geji za kupimia mvuto wa hewa, tukazilinganisha kabureta moja baada ya nyingine, na injini ikatulia. Haikuwa kimya kabisa, kwani injini ya umri huo haiwi kimya, lakini kokoto zilitoweka.

Dalili ya mvua ni mawingu, ila si kila wingu hunyesha.

Kijana aliniuliza nilijifunza wapi hila ile ya bisibisi. Nilimjibu ukweli: kwa baba yake, miaka mingi iliyopita, katika ua ule ule. Alinyamaza kitambo. Akasema baba alikuwa akimwambia asogee mbali, asije akachafuka.

Ndugu zangu, huku ugenini twawalinda mno watoto wetu dhidi ya oili na jasho, tukidhani twawahurumia. Tuwaite karibu, wachafuke mikono tungali hai. Pikipiki haiuzwi tena. Na Jumamosi ijayo, inshallah, kijana ndiye atakayeshika bisibisi, nami nitabana klachi.